Chuma kwa kipimo cha mwili: historia fupi ya trisikli ya mkono na mafundi wake

1. Utangulizi

Historia ya vyombo vya usafiri, jinsi inavyofundishwa vyuoni, ni historia ya viwanda vikubwa: garimoshi, motokaa, ndege. Chombo kisichotoka kiwandani hupata nafasi finyu ndani yake. Hivyo ndivyo ilivyotukia kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo wakazi wa miji ya Kongo huiita kwa jina la Kifaransa na ambayo katika makala haya itaitwa trisikli. Chombo hicho huonekana mbele ya masoko, makanisa na vituo vya mpaka. Kimebeba watu, unga, mafuta na sabuni kwa zaidi ya kizazi kimoja. Hata hivyo, mtu akiuliza kilitoka wapi, jibu analopewa kwa kawaida ni hili: ni msaada wa wafadhili.

Jibu hilo si la uongo mtupu, lakini ni pungufu. Ni kweli kwamba trisikli kadhaa zilifika kwa njia ya misheni na mashirika ya hisani. Lakini iliyofika kutoka mbali haidumu kama ilivyofika: huvunjika, hukatwa, huongezwa kiti au sanduku, huchomelewa upya, hata mwenye kuileta asingeitambua. Nyingine huzaliwa palepale, uani kwa fundi, kwa mabomba na mabaki ya baiskeli.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba trisikli ya mkono, tangu chanzo chake katika karne ya 17, ni chombo kinachotengenezwa kwa kipimo cha mwili mmoja, na kwamba mwenye mwili huo amekuwa mara nyingi mshiriki wa ubunifu wake, pengine mbunifu mwenyewe. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea wa Goma au wa Lubumbashi hafai kuhesabiwa kuwa mwigaji wa viwanda vya Ulaya. Anaendeleza kazi iliyo kongwe kuliko viwanda hivyo.

2. Mtengeneza saa wa Altdorf

Mwaka wa 1655, katika mji mdogo wa Altdorf karibu na Nürnberg, Ujerumani, kijana mtengeneza saa aitwaye Stephan Farfler alijitengenezea kiti chenye magurudumu matatu. Alikuwa amezaliwa mwaka wa 1633 na hakuweza kutembea kwa miguu yake. Mbele ya kiti aliweka vishikio vya kuzungushwa kwa mikono. Vishikio vilisukuma magurudumu yenye meno, na meno hayo yaligeuza gurudumu la mbele. Ni dhahiri kwamba ufundi huo ulitoka katika saa. Mtu aliyezoea kupanga meno madogo ili mshale uende kwa kipimo aliweza pia kupanga meno makubwa ili mwili wake uende kanisani na kurudi.

Tarehe hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Chombo cha magurudumu mawili cha Karl Drais, ambacho wanahistoria wengi hukihesabu kuwa babu wa baiskeli, kilionekana mwaka wa 1817, nacho kilisukumwa kwa kupiga miguu chini. Trisikli ya mkono imekitangulia kwa miaka 162. Kwa maneno mengine, mtu asiyeweza kutembea alijiendesha kwa nguvu zake mwenyewe juu ya magurudumu kabla ya watu wenye miguu mizima kuwa na baiskeli.

Baada ya Farfler historia iligawanyika njia mbili. Mwishoni mwa karne ya 18, mjini Bath, Uingereza, John Dawson alitengeneza viti vya magurudumu matatu kwa wagonjwa waliokwenda kuoga maji ya moto ya mji huo. Aliyeketi alishika usukani, lakini mtu mwingine ndiye aliyesukuma au kuvuta. Kiti cha Bath kilienea na kusifiwa. Cha Altdorf kilibaki katika vitabu kama kioja. Hapo ndipo swali la chombo hiki lilipojitokeza, nalo halijaisha hata leo: je, asiyeweza kutembea apelekwe, au aende?

3. Bomba, mpira na moto

Mambo yaliyokosekana wakati wa Farfler yalipatikana katika nusu ya pili ya karne ya 19, na karibu yote yaliletwa na baiskeli. Mwaka wa 1869 Jules Suriray, mjini Paris, alipata hataza ya gololi za kulainisha mzunguko wa gurudumu. Mwaka wa 1877 James Starley wa Coventry alitatua tatizo la magurudumu mawili ya ubavuni yanayoendeshwa pamoja. Chombo kinapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani, na yakifungwa kwenye ekseli moja lazima mojawapo liburuzwe. Starley aliweka kati yake mfumo wa meno unaoruhusu kila moja kwenda kwa kasi yake, na mfumo wa namna hiyo umo katika motokaa hadi leo. Mwaka wa 1880 Hans Renold, huko Manchester, alitoa mnyororo wa roli ambao umbo lake halijabadilika sana.

Kisha ukaja mpira wa hewa. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alifanya jaribio lake la kwanza kwa ajili ya trisikli ya mwanawe mdogo, na mwaka wa 1888 akapewa hataza. Katika hatua hii historia ya gurudumu inaigusa Kongo, tena kwa njia ya maumivu. Mahitaji ya mpira wa baiskeli na baadaye wa motokaa yalichochea uchumaji wa mpira kwa mabavu katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili, iliyodumu tangu 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Walioshindwa walipigwa, walifungwa mateka, waliuawa, na mikono ilikatwa. Kwa hiyo Kongo iliingia katika historia ya gurudumu kwa jasho na damu kabla ya kuingia kwa ufundi.

Sharti la mwisho lilikuwa njia ya kuunga chuma. Mhunzi wa kale aliunganisha vipande kwa kuvitia motoni na kuvipiga nyundo, au kwa kuvipigilia ribiti. Kiwanda cha baiskeli kilitumia viungo vya kupachika mabomba, halafu vikalehemiwa kwa shaba ya manjano. Njia ya kwanza ni nzito kwa bomba jembamba. Ya pili inataka viungo vilivyokwisha kutengenezwa kwa pembe maalumu. Katika miaka ya 1880 Nikolai Benardos, katika Dola ya Urusi, alitumia mwako wa umeme kuyeyusha chuma, na mwenzake Nikolai Slavyanov akaifanya fimbo ya chuma yenyewe iyeyuke na kujaza kiungo. Mwaka wa 1895 Henry Le Chatelier wa Ufaransa alionyesha joto kali la moto wa asetileni na oksijeni, na mwanzoni mwa karne ya 20 Edmond Fouché na Charles Picard wakatengeneza bomba la kuushika moto huo mkononi. Msweden Oscar Kjellberg akaongeza ganda juu ya fimbo, ili mshono ukingwe na hewa wakati wa kuyeyuka.

Maana ya mfululizo huo ni moja. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja, mwenye chombo kimoja, aliweza kuunga mabomba kwa pembe yoyote aliyoitaka. Kiwanda hakikuwa tena sharti. Kipimo kiliweza kutoka katika mwili wa mteja, na si katika kalibu.

4. Kiwanda na karakana

Nchini Uingereza, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Bert Greeves alimtengenezea binamu yake Derry Preston-Cobb, aliyekuwa amepooza, kiti cha magurudumu chenye injini. Inasimuliwa kwamba injini hiyo ilitoka katika mashine ya kukatia majani. Wawili hao walianzisha kampuni ya Invacar, na serikali ikawa mteja wake mkuu: magari madogo ya magurudumu matatu yaligawiwa kwa walemavu, yote kwa umbo linalofanana. Yalisaidia maelfu ya watu, lakini hayakuwa thabiti penye upepo wala hayakuwa na kiti cha abiria wa pili, na tarehe 31 Machi 2003 yalikatazwa barabarani. Kazi iliyoanza kama fadhila ya binamu kwa binamu, kwa kipimo cha mtu mmoja, iliishia kuwa mali ya wizara, na wizara ilipoamua, ikatoweka.

Njia nyingine ilishikwa na watu waliorudisha chombo mikononi mwa mtumiaji. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza katika ajali ya pikipiki mwaka wa 1966, alitembelea Nikaragua mwaka wa 1980 na kuwakuta vijana walemavu wakitengeneza viti vyao wenyewe. Tangu hapo alifanya kazi pamoja na karakana ndogo za nchi nyingi. David Werner naye, ambaye mwenyewe ana ulemavu, alichapisha mwaka wa 1987 kitabu cha kuwasaidia watoto walemavu wa vijijini, chenye michoro inayoweza kufuatwa na fundi asiye na kiwanda. Kanuni yao ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kutimiza: chombo kinachovunjika mahali fulani lazima kiweze kutengenezwa mahali hapohapo.

5. Mafundi wa Kongo

Kanuni hiyo Kongo haikuihitaji kufundishwa. Ufuaji wa chuma na shaba ni wa kale katika nchi hii: misalaba ya shaba ya Katanga ilitumika kama mali muda mrefu kabla ya ukoloni, na masimulizi ya Waluba yanauhusisha ufalme wao na sanaa ya mhunzi. Ukoloni ulileta mashine, na pamoja nayo aina mpya ya fundi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka wa 1910. Mwaka uliofuata wakaja Wasalesiani wa Don Bosco, ambao walianzisha mafunzo ya ufundi. Katika karakana za reli na zile za Panda, huko Jadotville ambayo sasa ni Likasi, Waafrika walijifunza kukata, kupinda na kuchomelea chuma, ingawa vyeo vya juu vilifungwa kwao kwa muda mrefu.

Anguko la kampuni hiyo, iliyokuwa imetaifishwa na kuitwa Gécamines, lilimwaga ufundi huo mitaani. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990. Uporaji wa 1991 na 1993 ukamaliza viwanda vingi vya nchi. Na mwaka wa 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mtu aliyepoteza mshahara hakupoteza mikono. Milango ya chuma, majiko, vitanda, mikokoteni: kazi hizo zikawa za uani, katika mitaa kama Katuba na Kenya mjini Lubumbashi, na katika mitaa ya namna hiyo ya kila mji.

Wateja wa trisikli nao hawakukosekana. Virusi vya polio hushambulia neva za uti wa mgongo, na aghalabu mtoto wa chini ya miaka 5 ndiye anayebaki na mguu uliopooza. Chanjo ilipatikana ulimwenguni tangu 1955, lakini chanjo inataka barabara, barafu, watumishi na amani. Pale huduma hizo zilipodorora, polio ilirudi, kama ilivyotokea Mbuji-Mayi mwaka wa 1995. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili nchini Kongo alipatikana mwaka wa 2011, na Afrika ilitangazwa kuwa huru kutokana na virusi hivyo mwaka wa 2020, ingawa virusi vitokanavyo na chanjo vimeendelea kuzusha milipuko mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Aliyeugua mwaka wa 1995 akiwa mchanga ni mtu mzima leo, naye anahitaji kwenda kazini. Kuna pia waliojeruhiwa na vita, na wale wa ajali za pikipiki.

6. Namna trisikli inavyoundwa

Umbo lililoenea katika Afrika ni hili: magurudumu mawili nyuma, moja mbele; kiti kati ya yale mawili; juu ya uma wa mbele, mbele ya kifua, mtambo wa pedali uliogeuzwa uwe wa mikono; mnyororo ukishuka hadi gurudumu la mbele. Anayeuchunguza mpangilio huo atagundua kwamba ni ule wa Farfler, isipokuwa mnyororo umechukua nafasi ya meno. Sababu yake ni ya busara. Gurudumu moja likiendeshwa, tatizo la Starley halipo, na mfumo wake wa meno, ambao fundi wa uani asingeupata kwa urahisi, hauhitajiki.

Kazi huanza kwa kupima. Upana wa nyonga huamua upana wa kiti. Urefu wa mkono huamua umbali wa vishikio, maana kiwiko hakina budi kubaki kimejikunja kidogo hata kishikio kinapokuwa mbali kabisa. Kimo cha kiti huamuliwa na namna mtu atakavyopanda, akitokea chini, kwenye benchi au kwenye mikongojo. Aliyepooza kwa polio huhisi maumivu ya ngozi, lakini aliyevunjika uti wa mgongo huenda asihisi kitu, na kiti kigumu kitamtia kidonda bila yeye kujua. Kwake mto si anasa. Fundi asiyeuliza maswali haya hutengeneza kiti cha mtu asiyekuwapo.

Vipuri vya baiskeli vinapatikana sokoni, lakini viliundwa kwa kazi nyingine, na hapo ndipo ufundi hupimwa. Ekseli ya baiskeli imekusudiwa kushikwa ncha zote mbili. Ikishikwa upande mmoja, kama gurudumu la mkokoteni, hupinda na kukatika, hasa kwa mzigo. Kwa hiyo fundi huchomelea mkono wa pili nje ya gurudumu, au hutupa ekseli hiyo na kuchonga nyingine nene kutoka chuma cha gari, pamoja na beringi zake. Aidha mkono wa binadamu ni dhaifu kuliko mguu: kisahani cha juu hupunguzwa meno na cha chini huongezwa, ili mwendo upungue na nguvu izidi. Vishikio huwekwa sambamba, viende pamoja, kwa sababu vikipishana kama pedali za miguu kila msukumo huyumbisha gurudumu linaloongoza.

Kuhusu mshono wenyewe, adui wa kwanza ni wembamba wa chuma. Bomba la fremu ya baiskeli lina unene wa takriban milimita 1. Mwako wa umeme hulitoboa kabla ya kuliunga. Ndiyo maana wengi hupendelea bomba la maji, lililo nene zaidi ingawa ni zito. Bomba hilo likiwa limepakwa zinki, moshi wake huleta homa na kikohozi, na fundi mwangalifu hukwangua zinki kwanza na kuchomelea penye upepo. Adui wa pili ni joto: chuma kinachopoa hujikunja na kuivuta fremu upande. Hivyo viungo vyote hushikizwa kwanza kwa nukta ndogo, mishazari miwili hupimwa kwa kamba hadi ilingane, ndipo mshono mzima hufuata, mara upande huu, mara upande ule. Adui wa tatu haonekani. Mshono mzuri wa nje unaweza kuwa haukuingia ndani, na kando ya mshono chuma huwa kimebadilika kwa joto. Penye nguvu nyingi, kama shingo ya uma, fundi mzoefu huongeza kipande cha pembetatu kigawanye mzigo. Shingo hiyo ikikatika mteremkoni, mwenye trisikli hana miguu ya kujizuilia.

Hatari za fundi mwenyewe hazina budi kutajwa. Mwanga wa mwako huunguza macho, na miwani ya jua haitoshi kuyalinda. Umeme nao hukatika: nchi yenye mabwawa ya Inga, yaliyoanza kazi mwaka wa 1972 na 1982, ina mafundi wanaongoja usiku wa manane ili wamalize mshono mmoja.

7. Trisikli na mpaka

Mjini Kinshasa, tangu miaka ya utawala wa Mobutu, walemavu waliovuka mto kutoka bandari ndogo ya Ngobila kwenda Brazzaville walipunguziwa nauli na kutendewa kwa upole na watu wa forodha. Nafuu hiyo ilizaa biashara nzima. Trisikli iliyokuwa kiti ikawa lori: fremu ilirefushwa, sanduku likachomelewa chini na nyuma ya kiti, magurudumu yakaimarishwa. Mashariki, kati ya Goma na Gisenyi, jambo la namna hiyo lilionekana kwenye mpaka wa Rwanda, juu ya barabara ambazo sehemu yake ilifunikwa na mawe ya Nyiragongo mwaka wa 2002.

Mzigo ulibadilisha chombo, na chombo kikabadilisha mahusiano ya watu. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele hukosa mshiko na kuzunguka bure. Mikono ya mwendeshaji haifai tena kitu mlimani. Wakahitajika vijana wa kusukuma, nao wakapata riziki yao kwa mwenye trisikli. Hivyo mtu ambaye mtaani alihesabiwa kuwa mzigo wa jamaa akawa mwajiri. Kiti cha Bath kilirudi, lakini kwa maana iliyopinduliwa: anayesukumwa ndiye anayelipa. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili wa Kinshasa, ambao wengi wao waliugua polio, waliionyesha dunia trisikli za namna hiyo kwa albamu yao ya 2009 na filamu iliyotolewa kuhusu wao mwaka wa 2010.

Hata hivyo riziki iliyojengwa juu ya mpaka huanguka pamoja na mpaka. Aprili 2014 Brazzaville iliwafukuza Wakongo wengi wa ng'ambo ya pili, na biashara ya Ngobila ikapata pigo. Machi 2020 njia ya Goma na Gisenyi ilifungwa kwa sababu ya Covid-19. Januari 2025 vita viliingia Goma kwenyewe. Trisikli iliyorefushwa kwa ajili ya shehena haifai sana kwenda shule au hospitali. Ikabidi ikatwe tena.

8. Maneno ya kazi

Ufundi huu una lugha yake, na lugha hiyo inawahusu wasomi wa Kiswahili. Kiswahili sanifu kina kitenzi kulehemu, chenye asili ya Kiarabu, nacho kwa maana yake ya kale ni kuunga kwa madini laini yanayoyeyuka bila vipande vyenyewe kuyeyuka. Kuchomelea, kutokana na kuchoma, kwa viambishi vya kutendea vilivyorudufiwa, kinafaa zaidi kwa kazi ya umeme, ambamo vipande vyenyewe huyeyuka na kuwa kimoja. Tofauti hiyo ni ya kweli katika chuma, na ingestahili kuhifadhiwa katika msamiati. Lakini katika miji ya Kongo fundi husema kusudé, husema cadre, guidon, chaîne na roulement, wala hahitaji fremu, usukani, mnyororo na beringi ili aelewane na mwanafunzi wake. Baiskeli yenyewe huitwa kinga na wengi, neno lililo jirani na ikinga la Burundi.

Jina la mtumiaji nalo lina historia. Kilema na kiwete ni maneno ya ngeli ya ki-/vi-, na kilema humaanisha pia kasoro yenyewe: mtu ameitwa kwa jina la upungufu wake. Mjini Lubumbashi wingi wake ni bilema, kama bintu. Neno mlemavu lilimrudisha mtu katika ngeli ya watu, na siku hizi wengine husema mtu mwenye ulemavu, ili utu utangulie. Sheria imefuata mkondo huo: Katiba ya 2006, ibara ya 49, inawapa watu hao haki ya hatua maalumu za kuwalinda, Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki zao.

9. Hitimisho

Mambo yaliyoelezwa yanaruhusu kauli mbili. Kwanza, trisikli ya mkono haikushuka kutoka kiwandani kwenda kwa maskini. Ilianza kwa mtu mmoja aliyehitaji kwenda, na kila ilipogeuzwa chombo kimoja kwa wote ilipoteza sehemu ya manufaa yake. Kuchomelea kuliirudisha kwa mwenyewe. Kwa hiyo sera inayoagiza trisikli elfu za kipimo kimoja, bila kumhesabu fundi atakayezikata na kuziunga upya, inaagiza chuma chakavu cha miaka ijayo.

Pili, maarifa haya yamehifadhiwa katika macho na mikono tu. Mwanafunzi hujifunza kwa kutazama. Asipoambiwa kuhusu zinki, atajifunza kwa homa. Asipoambiwa kuhusu ekseli iliyoshikwa upande mmoja, atajifunza kwa mteja aliyeanguka. Mwongozo mfupi kwa Kiswahili ambacho fundi wa Katuba au wa Birere anakielewa, wenye maneno yake ya Kifaransa pale anapoyatumia na michoro ya viungo vinavyokatika, ungeokoa macho na mifupa. Wenye uwezo wa kuuandika wamo katika vyuo vikuu, na wenye maarifa ya kuujaza wamo mitaani, mwendo mfupi kutoka hapo. Safari hiyo fupi bado haijafanywa, na wanaoweza kuifanya wana miguu.